Arvilla na Mume Aliyekataa Maji

Arvilla Thurza Sorensen Karras alikuwa binti wa Niels, aliyechimba mfereji wa kwanza kuleta maji mjini kwetu Horsley, akazikwa kando yake ili aendelee kuusimamia. Niels alikuwa mwana wa Jens, aliyefungwa jela na serikali kwa kuwa na wake watatu, akatoka akamkuta yule wa tatu amejifungua peke yake kwenye zizi la kondoo. Mtoto huyo ndiye Niels. Na Jens alikuwa mwana wa Maren, Mdenmaki aliyevuka nyika na milima akisukuma mkokoteni kwa mikono yake, akapoteza vidole vya mguu kwa baridi lakini hakuvunja hata sahani moja. Sahani hizo Arvilla alikuwa nazo kabatini. Hakuna mtu aliyewahi kuzilia.

Kwa ukoo wa namna hiyo ungetegemea aolewe na mwana wa askofu. Arvilla akaolewa na Mgiriki.

Naandika haya kwa sababu siku ya mazishi yake Askofu Whitlock alisoma wasifu wa marehemu, akasema Dada Karras alikuwa mwanamke mpole. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa jirani yake, ua kwa ua, zaidi ya miaka arobaini, na upole wa Arvilla ningeuona kama ungepita hata mara moja.

Huyo Mgiriki aliitwa Konstantinos Karras. Wote tulimwita Gus, kwa kuwa sisi watu wa Utah tukipewa jina refu tunalikata tupate kuni. Alikuja mtoto, akakulia ndani ya mgodi wa makaa, na mgodi ulipomchosha kifua akafungua kituo cha petroli kando ya barabara kuu, na nyumba yao nyuma ya kituo. Walioana nyumbani kwa shangazi yake Arvilla, sebuleni, mwaka 1936, na keki kavu. Mimi niliolewa ndani ya hekalu la Manti, nikaunganishwa na Delmar Tuttle kwa maisha haya na milele yote. Hakuna aliyeniuliza kama maisha haya peke yake yasingetosha.

Hapo ndipo penye tofauti, na ndipo penye kisa chote. Ndoa ya sebuleni inaishia kaburini. Ya hekaluni haiishi. Na asiyebatizwa katika kanisa letu, la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wageni hutuita Wamormoni, haingii hekaluni. Na siku zile mke wa asiyebatizwa naye hakupewa baraka za kuingia. Kwa hiyo Arvilla, kitukuu cha Maren wa mkokoteni, alipanga mume wake kama nyumba ya kupanga, na kodi ingeisha siku mmoja wao akifa. Alilijua hilo siku anavaa pete. Alisema, "Atakuja tu. Mpe mwaka."

Akampa mwaka. Akampa na mingine.

Kila mwezi kata, yaani usharika wetu, ilituma walimu wa nyumbani, wanaume wawili wenye tai, wamtembelee Gus na kumlainisha. Mmoja alikuwa mume wangu Delmar. Wa pili alikuwa Orval Heaps, mtu mwema ambaye hakuwahi kumaliza sentensi. Mimi niliwapelekea gelatini ya kijani yenye karoti, nikakaa nisikie.

"Karibuni, mawakala wa bima ya mbinguni," Gus angesema. "Kahawa?"

"Unajua hatunywi, Ndugu Karras."

"Mimi si ndugu yako, Delmar. Ndugu angekwisha nirudishia ngazi yangu."

Delmar alikuwa ameazima ngazi ya Gus kupaka rangi paa. Alikohoa, akafungua Kitabu cha Mormoni.

"Ngoja kwanza," Gus akasema. "Mwezi uliopita hukunijibu. Huko kwenu ndoa haiishi?"

"Haiishi."

"Hata ikiwa mbaya?"

"Itakuwa imetakaswa," Orval akasema, "kwa maana ya kwamba..."

"Elvera anayo habari hii?" Gus akaniangalia. "Dada Mtakatifu, wanasema huyu utakuwa naye milele. Bado kuna muda wa kukimbilia Nevada, huko talaka hutoka haraka."

Mimi nilimwambia ale gelatini yake. Arvilla alikuwa jikoni, na kutoka huko jikoni ilikuja harufu ambayo hakuna nyumba nyingine ya Watakatifu mtaani kwetu iliyokuwa nayo. Kila asubuhi, na kila jioni wakija wale wanaume wawili, alimchemshia mumewe kahawa ya kwao, katika kibirika kidogo cha shaba chenye mpini mrefu. Kahawa, ambayo Neno la Hekima linatukataza, kama tumbaku na pombe na chai. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja tone. Lakini madereva wa malori walikuwa wakisimama kwenye kituo kile kwa ajili ya kahawa zaidi kuliko petroli, na walisema hapakuwa na kahawa kama ile toka Denver hadi Reno. Dada wa kata walimsemea pembeni. Mimi sikumsemea. Mimi nilifunga dirisha langu la upande ule, si kwa chuki, kwa kanuni, na likabaki limefungwa hadi mbao zikavimba.

Kituo chenyewe kilikuwa darasa. Wasafiri wakishuka kwenye gari, wakinyoosha migongo, kitu cha kwanza wanachouliza, kabla ya choo, ni kuhusu sisi. Na aliyesimama pale na bomba la petroli mkononi kuwajibu kwa niaba ya Watakatifu wote wa Siku za Mwisho alikuwa Mgiriki mwenye sigara.

"Samahani, bwana, wewe ni Mmormoni? Ni kweli mna wake wengi?"

"Mimi ninaye mmoja," Gus angejibu. "Lakini huyo mmoja ana mpango wa kunioa mara mbili."

Dirisha la jikoni likafunguka. "Waambie tuliacha mwaka 1890."

"Waliacha mwaka 1890," Gus akasema. "Tangu hapo wana hasira."

Bibi mmoja wa New Jersey alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini habari za zile nguo za ndani ambazo watu wa hekaluni huvaa. Gus akamwambia, "Bibi, kwetu askari walikwenda vitani wamevaa sketi zilizokunjwa marinda. Mimi simuulizi mtu habari za nguo zake." Mwingine, aliyesikia kwamba Wamormoni huota pembe, akamtuma mwanawe aguse kichwa cha Arvilla aone kama zipo. Arvilla aliinama, akamwacha aguse vizuri, kisha akamwambia, "Zinaota tukikasirishwa," na mtoto akarudi garini mbio. Na yupo mwanamume mmoja mwenye kofia ya majani aliyeuliza kama sisi ni Wakristo kweli. Hapo Arvilla alitoka nje mwenyewe, mikono ina unga.

"Kanisa letu lina jina la Kristo katikati yake," alisema. "Lenu linaitwaje?"

"Methodisti."

"Huyo alikuwa nani?"

Akarudi ndani. Gus alicheka hadi petroli ikamwagika.

Ndivyo walivyoishi, na usidhani hawakupendana. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Norda, wakiwa wameshakata tamaa, na kata ikawahurumia kwa sauti, kama tunavyowahurumia wote wenye wachache. Mimi nina saba. Wawili kati yao hunipigia simu.

Sasa Norda akakua, akawa Mtakatifu kuliko mama yake, akachumbiwa na kijana aliyetoka misheni Brazili, na mwaka 1969 wakapanga kufunga ndoa hekaluni Manti. Gus alinunua suti. Arvilla alinunua kofia yenye ua. Tukavuka mlima kwa magari matatu. Kwenye lango la hekalu Norda alimbusu baba yake, akambusu mama yake, akaingia. Na nani aliingia naye, kumsaidia kuvaa na kusimama mahali pa mama? Mimi, jirani, kwa kuwa mimi nilikuwa na kibali na mama yake hakuwa nacho.

Tulipotoka jua limekwisha panda. Gus na Arvilla walikuwa wamekaa kwenye nyasi chini ya ukuta wa hekalu, viatu vya Gus viking'aa kama vya askari. Alikuwa na chupa ya kahawa. Kofia ya Arvilla alikuwa ameivua, ameiweka magotini.

"Enhe, Dada Mtakatifu," Gus akaniambia. "Alipendeza?"

"Alipendeza sana."

"Alilia?"

"Kidogo."

Gus akautazama ule ukuta, mawe yake meupe moja moja, kama mtu anayetafuta palipo na ufa. "Vila alitaka kujua kama alilia," akasema. Vila, ndivyo alivyomwita mkewe, hakuwa ameuliza kitu. Alikuwa anang'oa nyasi na kuzipanga juu ya kofia.

Tangu siku ile Arvilla hakumbembeleza tena. Watu wa kata walidhani amekata tamaa, wakamsifu kwa uvumilivu. Mimi niliyekuwa namwona akianika nguo nilijua amebadilisha mbinu. Alikuwa amekumbuka ile huduma ambayo wasafiri huiulizia kwa macho makubwa, nayo ni kweli: sisi huwabatiza wafu. Mtu aliye hai husimama majini badala ya marehemu, jina la marehemu likasomwa, akazamishwa. Marehemu huko aliko anaweza kukubali au kukataa. Lakini lazima kwanza awe amekufa, na sheria ya wakati ule ilitaka upite mwaka mzima baada ya mazishi.

"Akiwa hai hataki," aliniambia, kibanio cha nguo mdomoni. "Sawa. Nina subira. Anavuta sigara, anakunywa kahawa, anakula mafuta ya kondoo. Mimi nakula ngano. Nitamzika, nitahesabu mwaka, nitamkamata."

Alisema kama mtu anayesema atavuna viazi mwezi wa tisa.

Wakati akingoja, akaanza na ukoo wa mumewe, maana mikono yake haikuzoea kukaa bure. Akaandikia mapadri wa Krete, kisiwa cha akina Gus, akapata majina, na la kwanza alilolipeleka hekaluni lilikuwa la babu yake Gus. Na kwa desturi ya Wagiriki mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu. Kwa hiyo yule babu naye aliitwa Konstantinos Karras.

Vijana wa kata, mtoto wa Orval akiwemo, wakaenda Manti Jumamosi kwa basi, kuzamishwa kwa ajili ya wafu. Jumamosi hiyo hiyo Arvilla alikuwa Idaho kwa Norda, aliyejifungua, na Gus alikuwa kitandani na mafua, kituo kimefungwa, mapazia yameshushwa. Jumapili, Orval Heaps akasimama mbele ya kata kutoa taarifa ya safari. Akasema, "Tuna furaha kutangaza kwamba kazi ya Ndugu Konstantinos Karras imekamilika hekaluni, kwa hiyo sasa..." Akakaa, kama kawaida yake, kabla hajafika.

Kituo kimefungwa tangu juzi. Mapazia yameshushwa. Arvilla hayupo. Kazi imekamilika. Hakuna aliyekumbuka ile sheria ya mwaka mzima, wala kuuliza maiti iko wapi. Katika kata yetu msiba hukimbia kuliko kanuni, kwa sababu kanuni haina chakula. Dada wa Muungano wa Usaidizi, chama chetu cha wanawake wa kanisa, wote walikwenda moja kwa moja kutoka kanisani hadi jikoni kwao, na kila mmoja akatengeneza kile tunachotengeneza mtu akifa: viazi vya msiba, vilivyokunwa, vikachanganywa na jibini na krimu, juu yake vipande vya mahindi makavu vya kifungua kinywa vilivyosagwa, vikaokwa. Mimi vyangu niliweka siagi zaidi. Mtu nilikuwa nimemfahamu.

Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Dada Heaps, mke wa Orval. Akabisha. Mlango ukafunguka, akatokea Gus, ndevu hazijanyolewa, amejifunga blanketi.

"Pole sana kwa msiba, Ndugu Karras," akasema Dada Heaps, maana ndiyo maneno aliyokuja nayo na hakuwa na mengine.

"Nani kafa?"

"Wewe."

Gus akafikiri. "Nilidhani ni mafua," akasema.

Akapokea viazi vyake. Akapokea na vyangu, na vya wote tuliokuwa tumepanga mstari nyuma yake hadi kwenye pampu. Hatukujua la kufanya isipokuwa kumkabidhi. Alikula viazi wiki nzima, akatangaza kwa wasafiri kwamba chakula cha Wamormoni ni kitamu sana ila inabidi ufe kwanza.

Lakini Arvilla aliporudi kutoka Idaho, Gus alikuwa amekwisha uliza, na amekwisha jibiwa, jina lake lilifikaje hekaluni. Dirisha langu la upande ule lilikuwa limefungwa. Nilisikia kwa kupitia ukuta.

"Babu yangu," alisema. "Ndevu mpaka hapa. Alibusu picha ya Mama wa Mungu kila asubuhi kabla hajafunga punda. Na wewe umemtumbukiza majini Utah, ndani ya mwili wa mtoto wa Heaps."

"Hakulazimishwa. Anaweza kukataa huko aliko."

"Amekuambia anataka?"

"Hajasema hataki."

"Amekufa, Vila. Wafu hawasemi hawataki. Ndiyo maana mnawapenda." Kisha sauti yake ikashuka, nami ikabidi nisogee. "Niapie hutanifanya hivyo mimi. Nimeishi kama nilivyo. Nataka kufa kama nilivyo."

"Siwezi kuapa uongo," Arvilla akasema.

"Basi kahawa nitajifanyia mwenyewe."

Na akajifanyia. Kwa siku kadhaa nyumba ile ilinuka moto. Kahawa ilimwagikia jiko, kibirika kikaungua tako, madereva wa malori wakanywa mara moja wakaacha. Arvilla alikaa mezani na maziwa yake, mikono juu ya paja, akimtazama akiharibu. Mwishowe asubuhi moja Gus akakisukuma kibirika upande wake wa meza. Arvilla akakiosha, akachemsha. Hakuna aliyeshinda. Gus hakuuliza tena kuhusu kiapo, na Arvilla hakuapa, na kila mmoja alijua mwenzake anangoja nini.

Mwaka 1984 ndipo hesabu ya Arvilla ilipoharibika. Yeye, ambaye ulimi wake haukugusa chai, ambaye chini ya nyumba yake kulikuwa na makopo ya ngano ya kumtosha mwaka wa njaa, alikutwa na uvimbe tumboni, na daktari akasema hautolewi. Gus alikuwa anakaribia themanini. Siku walipotoka kwa daktari nilimwona yuko juu ya paa anatengeneza mfereji wa mvua, sigara mdomoni. Alikuwa amepandia pipa na kreti juu yake, kwa kuwa hakuwa na ngazi.

Neno la Hekima linatuahidi afya, kukimbia bila kuchoka na kutembea bila kuzimia. Wasafiri hawajawahi kutuuliza swali la maana, ila hilo wangeliuliza tungekaa kimya. Kata nzima iliuliza moyoni. Gus, mtu aliyekuwa na swali kwa kila kitu, hilo hakuliuliza.

Sasa kila mtu akataka kumsaidia Arvilla kumkamata mumewe. Dada Heaps alijitolea kuhesabu ule mwaka. Mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa mjane kwa wakati huo, Delmar ametangulia kuningoja milele, nilijua kwamba kazi hiyo itapewa mtu mwenye heshima na kibali cha hekalu, na nilikuwa nimekwisha andaa jibu zuri lenye maandiko mawili. Askofu Whitlock, kijana, daktari wa meno, maana maaskofu wetu hawalipwi na kila mmoja ana kazi yake, alikuja na maua.

"Dada Karras," alisema, akimshika mkono, "usiwe na wasiwasi wowote. Kata itahakikisha kazi ya Ndugu Karras inafanyika. Mwaka mmoja tu baada ya yeye..."

Gus alikuwa amekaa kiti cha pili, umbali wa goti.

"Endelea, Askofu," akasema. "Baada ya mimi nini? Nipo, nasikia."

"Askofu," Arvilla akasema, "huyo bado anapumua. Chukua maua yako ukamngojee nje."

Askofu akatoka. Na huyo ndiye aliyesema mpole.

Mimi nilibaki, nilikuwa naosha mabakuli, na hakuna aliyeniambia niondoke. Arvilla alijivuta juu ya mito.

"Kosta," akasema. Alimwita hivyo mara chache, jambo likiwa zito. "Mimi ndiye ninayetangulia. Sikupanga hivyo. Norda atapeleka jina lako ukishakufa. Amesema na sitamzuia, kwa hiyo sikudanganyi. Ila nataka kwenda nikijua. Wakikujia huko wakuulize, utawaambia nini?"

Gus alitafuta sigara mfukoni, akakumbuka chumba ni cha mgonjwa, akairudisha.

"Nitawauliza kwanza kama upo."

"Nitakuwepo."

"Kahawa ipo?"

"Haipo, Kosta."

"Basi itabidi nifikirie." Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu wiki ile na hakuna aliyeitia ufunguo. "Ile siku ya Norda," akasema, "kukaa nje ya ukuta hakukuniuma. Mimi ni mtu wa nje, nimezoea. Kilichoniuma ni kukuona wewe umekaa nje na kofia mpya. Ukuta ni wa baba zako, unakaa nje kwa ajili yangu." Akajifuta pua kwa mkono. "Sitakukalisha nje mara ya pili. Wakija huko, sitasema sitaki. Lakini nikiwa hai asije mtu kuniuliza tena. Hata mmoja. Na hata huko wasiniite Ndugu."

"Nitawaambia," Arvilla akasema.

"Waambie Gus inatosha."

Akatoka kwenda kuvuta. Tulimsikia nje akimwambia Askofu arudi kwenye meno.

Mimi niliweka bakuli la mwisho, nikakausha mikono, nikakaa kwenye kile kiti chake. Nilimwambia, "Arvilla, kuhusu kazi ya hekaluni, ikiwa utataka mtu wa kusimama na Norda, mimi..."

"Ya milele ataifanya Norda," akasema. "Wewe nakupa ya asubuhi."

Sikumwelewa. Akaelekeza kidole jikoni, kwenye kile kibirika cha shaba.

"Mimi?" nikasema. "Nisimame jikoni kwa Mgiriki, nichemshe kahawa, kata nzima inuse?"

"Jikoni kwangu. Yeye hajui, umemwona. Na hakuna dada mwingine anayekaa karibu."

"Sijawahi kushika kitu hicho maisha yangu yote."

"Ndiyo maana utakuwa mwangalifu. Lete hapa."

Nikaleta. Alikishika kwa mikono miwili iliyobaki mifupa, akanionyesha. Maji baridi, kikombe chake kile kilichopasuka mpini. Kahawa iliyosagwa laini kama unga wa keki, vijiko viwili vimejaa, na sukari pamoja, siyo baadaye. Ukoroge mara moja, kisha uache, usikoroge tena hata mkono ukikuwasha. Moto mdogo. Usiangalie dirishani. Povu litaanza pembeni, litapanda kama linataka kutoroka. Hapo hapo unakitoa motoni, linashuka, unakirudisha, linapanda tena, basi. Likimwagika umemkosea.

"Nitajuaje kama imekuwa, na siwezi kuonja?"

"Mimi nilijuaje? Mtazame uso. Akifumba jicho la kushoto umeiunguza. Akikaa kimya ni nzuri."

"Arvilla, watu watasema."

"Waache waseme. Wewe fungua lile dirisha lako, hewa ipite." Alipumzika kidogo, macho yamefumba, nikadhani amelala, nikaanza kuinuka. Akanishika mkono wa gauni.

"Na usimwachie kikombe ukakimbia. Kaa naye mpaka amalize. Atakuuliza maswali, atakuchokoza, mjibu. Kila siku, Elvera, Jumapili na siku za kufunga pia. Na ile ngazi yake iko gereji kwako. Irudishe kesho, kabla hajaanguka kwenye lile pipa."